Kuku wa Mama Déo Mlangoni kwa Watawa

Jumamosi, 19 Oktoba 2013. Manyunyu tangu alfajiri, mawingu yamekaa chini juu ya bandari, upepo unagonga madirisha ya fleti yetu ya Albert Park, Durban, kama mtu anayedai kufunguliwa.

Naanza hivyo kwa sababu ndivyo nilivyozoea kuandika kila siku ya kazi. Dereva kwanza aseme barabara iko namna gani, mengine baadaye. Sasa nimestaafu, magoti yamekataa klachi, na ninyi vijana mnaobeba wageni katika mji huu mmeniomba niwaandikie namna ya kuwapeleka watu kwenye mahekalu ya Wabuddha bila kuwaaibisha wala kuaibika. Mimi shule yangu iliishia darasa la sita, Uvira. Mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe. Na kama mtaona niliamua vibaya siku ile, semeni. Mimi mwenyewe sijawahi kuwa na hakika.

Asubuhi ile nilikuwa na abiria mmoja tu, Mama Déo. Alitoka Bukavu kwa mabasi, nchi baada ya nchi, kuja kumwona mwanawe. Déo alifika Durban kama sisi wote, akabeba maboksi kwenye ghala la Mobeni, akaishi vyumba viwili kutoka kwetu. Kisha akaanza kwenda kukaa kimya na watawa kutoka Thailand, juu ya kilima upande wa kusini, ukishapita Isipingo. Mwaka uliofuata akanyoa kichwa, akavaa vazi lao la rangi ya manjano iliyoiva, akabaki hukohuko. Habari zilipofika nyumbani, baba yake hakulia. Alimwambia mkewe hivi, na mama mwenyewe alituambia mezani kwangu: "Nenda. Umupikie. Akila chakula yako, bado ni mutoto yetu. Akikataa, usinirudishie jina lake kwa hii nyumba."

Basi la kurudi lilikuwa la kesho yake asubuhi. Ndiyo maana Jumamosi ile haikuwa matembezi.

Na watawa wale hawali baada ya saa sita mchana. Hiyo muiweke kichwani kabla ya zote. Saa sita ikigonga, hata umlete nani na nini, mtawa hagusi chakula mpaka kupambazuke. Mgeni akitaka kutoa chakula, gari liondoke mapema. Mimi nilipanga tuondoke saa tatu. Tuliondoka saa nne na nusu, sababu Mama Déo alikataa bugali wa mke wangu, akausonga upya. "Huu ni wa Uvira," alisema, "unaanguka kwenye vidole." Mama Neema, mke wangu, akamwachia mwiko bila neno. Mnajua mke wangu. Kunyamaza kwake ni kitu cha kuandikwa kwenye daftari.

Niwaambie kwanza nilijuaje mambo ya hekaluni, maana mimi ni Mpentekoste na nilipoanza nilikuwa mbaya kuliko mgeni yeyote niliyembeba.

Mwaka 2008, bosi wangu wa gari la wageni alinituma kwa mara ya kwanza kule kilimani na watalii wanne. Mkuu wa watawa, mzee mfupi mwenye meno machache na tabasamu kubwa, alitoka kutupokea. Na mimi, kwa heshima zangu zote za Kikongo, nikamwendea nikamsalimia kama tunavyosalimia wazee wetu: nikamgonga kichwa kwa kichwa, kulia, kushoto, kulia. Tatu kamili. Watalii wakafikiri ndiyo desturi ya hekalu, na wa kwanza wao akajipanga nyuma yangu naye agonge.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa Kihindi wa Durban, mtunzaji wa mahali pale. Tulimwita Anti, kama watu wa huku wanavyowaita mama zao wa makamo. Alinivuta mkono mpaka kwenye rafu ya viatu. "Baba, kwao kichwa ndiyo sehemu ya juu ya mtu, haiguswi. Na miguu ndiyo ya chini, haielekezwi kwa mtu wala kwa sanamu. Ukishika hayo mawili, mengine utayakisia." Nikamuuliza kama yule mzee amekasirika. "Amekasirika? Anauliza kama kule kwenu kuna ya nne."

Tangu siku ile Anti akawa mwalimu wangu. Alinifundisha kwa kunisimanga, na nilistahili. Alinifundisha kuwaambia wageni tangu garini wavae viatu vya kuvulika haraka, wasije wakainama mlangoni wakifungua kamba huku makalio yameelekea ndani. Nyuma ya kiti changu nilikuwa na vitenge vitatu kwa ajili ya waliokuja na kaptula, na soksi safi kwa wenye aibu ya miguu yao. Kizingiti hukikanyagi, unakivuka. Aliyeketi kimya akitafakari, humpiti mbele ya macho yake. Simu unaizima, na picha unaomba kwanza, na ukiambiwa hapana usipige kwa kujificha. Zamani kamera ilikuwa moja kwa gari zima; miaka ya mwisho kila mtu alikuwa na simu, nikawa kama askari wa simu. Na mwanamke hampi mtawa kitu mkononi. Mtawa hutandaza kitambaa mbele yake, mwanamke anaweka juu, naye anavuta. Hata kama mwanamke ni mama yake.

Hilo la mwisho nilimwambia Mama Déo wiki nzima, polepole, kama dawa chungu. Hutamkumbatia, mama. Hutamshika mkono. Yeye hatakuinamia, sheria yao haimruhusu. Alisikiliza akitikisa kichwa. "Sawa. Nitamwangalia tu. Macho hawajakataza?"

"Macho hapana, mama."

"Na kula atakula?"

"Kula atakula, tukiwahi."

Hivyo ndivyo nilivyojibu. Nilijibu haraka.

Tukateremka na barabara ya kusini. Mvua ikaongeza. Karibu na Mobeni lori la mizigo lilikuwa limelala ubavu, magari yamefungana mpaka usiweze kuona mwanzo. Wiper yangu ya kushoto ilikuwa inafuta inapotaka. Saa ya gari ilisema saa tano na kitu, na Mama Déo alikuwa ameshika vyombo mapajani kwa mikono miwili, vimefungwa na kitenge, mvuke unatoka, gari zima linanukia nyumbani: bugali, sombe, yaani majani ya muhogo, ya mawese na karanga, na kuku. Kwa mara ya kwanza tangu aje aliongea kwa furaha.

"Papa Neema, unajua nitamwambia nini? Nitafungua hii sahani, nimwambie: Déo, mutoto yangu, hii kuku nimekuchinjia weye. Na mikono yangu."

Mguu wangu ukakanyaga breki, na roboti, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, ilikuwa bado kijani. Taksi ya nyuma ikapiga honi, dereva akanipita akiuliza kwa Kizulu kama nimelala.

Kuku yule alinunuliwa mzima Isipingo siku ya Ijumaa. Alilala bafuni kwetu, na asubuhi Mama Déo alimchinja mwenyewe, akaomba kwanza, akamtaja Déo kwa jina lake lote. Mimi nilikuwa chini napima upepo wa magurudumu. Nilipopanda nikakuta kuku yuko sufuriani, nikaona ni kuku tu.

Sasa sikilizeni vizuri, hii wengi hawaijui, hata waliosoma vitabu vya wasafiri. Watawa wale nyama wanakula. Watakula kuku wa dukani, aliyechinjwa na mtu asiyejulikana kwa ajili ya yeyote mwenye kununua. Lakini Anti aliwahi kunieleza ni wapi ulipo mpaka: mtawa asiwe ameona mnyama akichinjwa kwa ajili yake, asiwe amesikia kwamba amechinjwa kwa ajili yake, wala asishuku. Akijua, hali. Hawataki uhai ukatwe kwa sababu yao.

Na sisi? Kwetu heshima iko palepale. Mgeni wa maana humpi kuku aliyekufa kwa shughuli nyingine. Unamchinjia, na unamwambia nimekuchinjia, na usipomwambia atajiuliza kama hicho kilikuwa kiporo. Nilimwangalia mama yule kwenye kioo. Neno alilolibeba toka Bukavu ndilo lingeufunga mdomo wa mwanawe.

Nilipita roboti mbili nikiwaza. Niwe mkweli, nilifikiri njia rahisi. Ninyamaze, nimwambie naye anyamaze, Déo ale bila kujua. Kwa sheria yao asiyejua hana kosa. Baba yake atapata jibu alilotaka, mimi nitarudi nyumbani. Lakini nikafikiri pia: je, ni halali mimi Mpentekoste nimfanyie mtawa wa watu ujanja kwenye sahani yake, kwa kuwa tu sheria yake si yangu? Na mimi ningeletewa kitu ambacho dini yangu imekataza, nikila nyumbani kwa Mwislamu au Mhindi, ningependa nifichwe? Na upande wa pili nikafikiri mama huyu ametoka mbali. Nikapima, sikuona upande upi mzito. Mwishowe nikamwambia yote, kama alivyonieleza Anti.

Tulipolipita lori ndipo akasema.

"Kwa hiyo kuku ya ndani ya plastiki, ya batu nisiowajua, anakula. Kuku ya mama yake, hapana."

"Ndivyo, mama."

"Na weye unaona hiyo ni heshima?"

"Mama, mimi ni dereva."

"Hiyo haiko jibu. Hiyo ni kukimbia."

Nikasema, basi jibu langu ni hili: kila watu wana mahali wanapoweka heshima yao, hawa wameiweka kwa kuku mwenyewe. Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Wamuheshimu kuku, mama abebe sahani." Kisha akauliza, "Nikinyamaza?"

"Ukinyamaza, atakula."

Akageukia dirishani. Hakuniambia ameamua nini, nami niliogopa kuuliza. Vijana, barabara ya kutoka Isipingo mpaka pale kilimani si ndefu. Siku ile niliiona ndefu.

Tulifika saa sita inakaribia. Anti alikuwa barazani na mwavuli, anaangalia njia. "Haraka, baba, haraka, wenzake wamekwisha kula, Déo amekataa kuanza." Mama Déo akavua viatu bila kuambiwa, akakivuka kizingiti bila kukikanyaga, nikajisikia kama mwalimu ambaye mtoto wake amefaulu. Halafu akaketi.

Akaketi kama mama wa kwetu aliyefika mahali pa heshima anavyoketi juu ya mkeka: mgongo umenyooka, miguu miwili imenyooshwa mbele, mikono mapajani. Nyayo zake mbili, zenye mipasuko ya safari, zikatazama moja kwa moja uso wa sanamu ya Buddha.

Nilimwambia vichwa, nikamwambia mikono, nikamwambia simu. Miguu nilisahau kusema, sababu sikuwahi kufikiri atakaa namna ile. Nikafungua mdomo nimrekebishe. Anti akanitangulia. Alichukua kitambaa cheupe kwenye kabati, akapiga magoti, akazifunika zile nyayo taratibu kama mtu anayemfunika mgonjwa. Mama Déo akafikiri anaonewa huruma ya baridi. "Aksanti, dada," alisema. Mgeni mzee asiyeweza kukunja miguu, mfanyieni vile. Siyo kumnyanyua mbele za watu.

Déo akaingia.

Sijui niandike vipi. Amekonda, kichwa kinang'aa, hana nyusi. Mama akainuka nusu, mikono ikatoka yenyewe, ikafika hewani. Mimi nilisimama mlangoni nikashika fremu. Ile mikono ikakaa pale. Kisha akairudisha akajikumbatia mwenyewe, mkono huu kwenye bega lile, akaketi tena.

"Mama," Déo akasema.

"Umepungua."

"Nakula mara moja kwa siku, mama."

"Naona."

Akakaa mbele yake, mbali kidogo, akatandaza kitambaa chake. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa chake na sote tuliiona. Mama akaweka vyombo juu ya kitambaa, kimoja kimoja, akafungua vifuniko. Bugali. Sombe. Kuku, mapaja juu, firigisi katikati kama taji. Déo akafumba macho kwa ile harufu, nikajua yuko Bukavu. Akanyoosha mkono.

"Ngoja," mama akasema.

Nikamkazia macho. Hakuniangalia.

"Déo, mutoto yangu. Hii kuku nimekuchinjia weye, na mikono yangu. Papa Neema alinieleza, nikisema hautakula. Najua. Lakini tangu nikuzae sijakupa chakula nikiwa nakuficha kitu. Nikikudanganya leo ule, yule atakayekula haiko mutoto yangu, na anayemulisha haiko mama yake."

Mkono wa Déo ukabaki juu ya sahani. Anti akaangalia chini. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya baraza. Kisha Déo akaurudisha mkono mapajani.

Mama akaangalia ule mkono. Akaanza kufunika vyombo, haraka, vifuniko vinagongana, akichanganya kifuniko cha sombe na cha kuku. "Sawa," anasema, "sawa, sawa, nimeona." Akashika ncha za kitenge afunge.

"Mama. Weka."

"Umekataa, nimeona."

"Kuku nimeshindwa. Uhai wake ulikatwa kwa jina langu, siwezi kumla. Lakini mi nakuuliza. Bugali umesonga kwa nani?"

Akakaza fundo la kitenge.

"Mama, saa inakwenda. Bugali umesonga kwa nani?"

"Kwako. Nimekataa ya Mama Neema."

"Na sombe ulitwangia nani?"

"Haikutwangwa, hapa wanauza ya barafu." Akavuta pumzi. "Lakini ni yako."

"Mahindi na majani hakuna aliyelia. Hivyo vyangu. Nipe."

Akakifungua kitenge, akavisogeza tena juu ya kitambaa. Déo akavuta, akakata tonge, akalibonyeza kidole gumba katikati kama tunavyofanya, akachota sombe. Akala. Hakuongea, wanakula kimya. Alikula kama mtu anayebeba maboksi, tonge juu ya tonge, jasho likamtoka kwenye kile kichwa, macho yake yako kwa mama na macho ya mama yako kwenye mdomo wake. Mimi niliangalia saa kwa niaba ya wote. Bugali ulikuwa wa watu watano. Mama alipima kwa watawa wenzake na sisi. Alipochovya tonge la mwisho na kufuta bakuli kwa kidole, mshale ulikuwa umebakiza unyoya ufike saa sita.

Mkuu wa watawa, yule mzee wangu wa vichwa, akaja akaketi, yeye na Déo wakaimba baraka kwa sauti ya chini. Mama Déo alisali yake wakati huohuo, kwa Yesu, midomo ikienda. Hakuna aliyemkataza. Nimeiandika ili mjue pande zote mbili zilikuwa na adabu.

Njiani kurudi, kuku alikuwa mapajani mwa Mama Déo, mzito kama alivyokuja. Sikujua kama mtoto amebaki au amepotea, maana sharti la mume wake lilikuwa chakula, na chakula kilikuwa kimekataliwa nusu na kuliwa nusu. Nilijilaumu kwa kumweleza garini. Mpaka leo kuna siku nasema nilifanya vyema na kuna siku nasema dereva angeendesha tu. Ninyi mtakutana na yenu. Mwelezeni mgeni mapema, kabla hajapika, kabla hajachinja. Hilo tu nina hakika nalo.

Jioni, Mama Neema akiwa jikoni anapasha moto, simu ya Bukavu ikalia. Mama Déo akaiweka kwa sauti ya nje, labda kwa makusudi, tusikie sote. Sauti ya mzee ikaja na mikwaruzo, haikusalimia.

"Alikula?"

Mama akaangalia sufuria, akaniangalia mimi.

"Alikula bugali yangu yote. Hakubakisha hata ya kubandika ukutani."

"Na kuku?"

"Kuku alikataa, sababu nilimuchinjia. Nilimwambia mwenyewe."

Tulisikia jogoo wa mtu kule Bukavu, au redio.

"Alikukatalia wazi, hakukuficha?"

"Hakunificha. Na mi sikumuficha."

Nikafikiri laini imekatika. Halafu yule mzee akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, akilitaja mwenyewe lile jina, "Déo amenenepa?"

"Amekonda, Baba Déo. Amekonda sana mutoto yako."

Jioni ile nyumbani kwetu tulikula kuku wa mchuzi, mtamu, wa kuchinjwa kwa heshima. Tulimla na wali, kwa kuwa bugali haukuwepo.